Mwanamke wa Nyamgondho na Kodi ya Nyumba Kondele

SWALI: Hujambo Mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 28. Kwetu ni Kendu Bay ila naishi Kisumu, Kondele, kwa kaka yangu. Nilimaliza diploma, nikafanya kazi ya ofisini, kisha ofisi ikafungwa. Sasa nauza omena soko la Kibuye. Mzigo nachukua kwa deni kwa tajiri mmoja, na kodi ya nyumba bado analipa kaka. Nimekuwa nikifuatilia mafunzo ya mtandaoni yanayosema ukisoma visasili vya dunia, vya Wagiriki, Waskandinavia, Wamisri, utamgundua shujaa aliye ndani yako na hutamtegemea mtu tena. Kozi kamili ni shilingi 4,500. Hadithi zenyewe nimezipenda kweli, lakini nikiiweka simu chini naona mimi ni yule yule. Mama naye anasema hayo ni mambo ya mashetani. Nauliza, visasili vinaweza kumkuza mtu na kumfundisha kujitegemea, au napoteza wakati? Na kama vinaweza, nianzie wapi?

JIBU: Nyar Karachuonyo, binti wa Karachuonyo, sijambo, na swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja.

Vinaweza. Ila si kwa njia unayouziwa, wala si kwa kasi unayoahidiwa. Nimefundisha fasihi simulizi miaka mingi hapa magharibi. Nimewaona wanafunzi ambao hadithi moja iliwabadilisha mwenendo, na nimewaona waliokariri miungu wote wa Ugiriki wakaondoka jinsi walivyokuja. Wale wa kwanza walikuwa wakiiuliza hadithi maswali ya maisha yao. Hawa wengine walikuwa wakihesabu majina.

Nikuondolee shaka moja mapema: hakuna kisasili kitakachokupa mtaji. Kinachokubana leo ni tajiri mmoja na kodi isiyotoka mfukoni mwako, na hayo yanataka daftari la hesabu, chama, na mazungumzo mawili matatu ambayo umekuwa ukiyakwepa. Hadithi inaingia pale ambapo daftari halifiki, kwenye namna unavyojiona na namna unavyowaona wanaokushika mkono.

Kwa kuwa unauza samaki, tuanze na mvuvi. Nyamgondho wuod Ombare bila shaka unamjua. Hakuna mtoto wa ufukweni asiyemjua. Maskini wa Gwassi, siku moja anavuta chombo chake majini na badala ya samaki anamtoa mwanamke kikongwe. Anataka kumrudisha ziwani, kikongwe anamsihi, naye anamchukua hadi nyumbani. Kesho yake boma limejaa ng'ombe. Nyamgondho anatajirika, anaoa wake wengine, anaanza kunywa. Usiku mmoja anarudi amelewa, lango linachelewa kufunguliwa, naye anamtukana yule mama kwamba si yeye aliyemwokota ziwani? Mama hajibu. Anaondoka kuelekea majini, na ng'ombe, mbuzi, kuku, kila kilichokuja naye, kinamfuata. Nyamgondho anawakimbilia mpaka ufukweni, anasimama ameegemea fimbo yake, na hapo anageuka mti.

Sasa twende Wales, upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Huko kuna ziwa dogo la milimani linaloitwa Llyn y Fan Fach, na hadithi yake ukiisikia utadhani mtu aliibeba kutoka Gwassi. Kijana maskini anamwona mwanamke juu ya maji, anampenda, mwanamke anakubali kuolewa na anatoka ziwani na ng'ombe wengi. Sharti ni moja, kwamba akimpiga mara tatu bila sababu, anarudi alikotoka. Miaka inapita. Mume anamgusa kidogo kwa mzaha siku moja, mara nyingine anamgonga begani, mara ya tatu hivyo hivyo, na kila mara hakuwa na nia mbaya. Ya tatu ikifika, mwanamke anasimama nje na kuwaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja. Wote wanamfuata majini, hata ndama aliyekuwa amekwisha kuchinjwa na kutundikwa kwenye ndoana.

Watu wengi wakisikia hadithi hizi mbili husema funzo ni kumheshimu mke. Sawa, sina ugomvi na hilo. Lakini wewe umeniuliza kuhusu kujitegemea, basi zisome tena ukiwa na swali hilo mkononi. Ni nani aliyefilisika hapa? Si mtu aliyemtegemea mwenzake. Kumtegemea yule mama ndiko kulikomtoa Nyamgondho kwenye umaskini. Alifilisika usiku ule alipoanza kusema kana kwamba boma lote alilijenga peke yake. Kwa hiyo ukisikia mtu mtandaoni anakuahidi kwamba hutamtegemea mtu tena, sikiliza vizuri: hayo ndiyo maneno ya Nyamgondho akiwa langoni.

Na kuna jambo ambalo hutaliona mpaka uziweke pamoja. Mwanamke wa Wales alitaja sharti siku ya kwanza. Wa Gwassi hakutaja lolote. Mumewe alilijua sharti siku lilipovunjika. Kaka yako ni yupi kati ya hao wawili? Je, mliwahi kukaa mkasema kodi ataibeba hadi lini, na wewe utabeba nini, labda umeme, labda chakula cha jioni, labda karo ya mtoto wake muhula mmoja? Au kila mtu amenyamaza na mnaishi kwa kukisia? Deni lisilotajwa ndilo linalomtia mtu unyonge, kwa sababu hulijui ukubwa wake na huwezi kulilipa. Fungua ukurasa kwenye daftari la omena, andika kaka amekutolea nini tangu ofisi ilipofungwa. Halafu nenda mkaongee. Kazi hii ni ngumu kuliko kumtafuta shujaa wa ndani, na ndiyo inayomkuza mtu.

Sasa tajiri wako mmoja. Hapa tunamhitaji Luanda Magere.

Wajaluo wa Kano wanamsimulia kuwa mtu wa ukoo wa Sidho aliyekuwa na mwili wa jiwe. Mikuki ya Lang'o, yaani Wanandi, ilimgonga ikaanguka. Walipochoka kushindwa wakampelekea msichana mrembo awe mke wake. Siku moja akaugua, akamwambia yule mke amchanje, naye alipojaribu kwenye mwili wembe ukakataa. Akamwambia basi achanje kwenye kivuli, damu ikatoka. Mke akaenda kwao na siri. Vita vilivyofuata, mkuki ukalengwa kivulini, na Luanda akaanguka akawa jiwe ambalo watu wa Kano watakuonyesha mpaka leo, na wawindaji wamekuwa wakinolea silaha zao juu yake.

Hadithi ya mtu asiyeumizika ila mahali pamoja imeenea dunia nzima. Pwani yetu ina Fumo Liyongo, aliyeuawa kwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeishika sindano hiyo ni mwanawe mwenyewe. Biblia ina Samsoni na nywele zake. Waajemi wana Esfandiyar, ambaye udhaifu wake ulikuwa machoni. Wagiriki wana Achilles na kisigino, ingawa, nikiwa mwalimu siwezi kuacha kusema, kisigino hicho hukipati kwa Homer, mshairi wao wa kale. Kiliingizwa na watunzi waliokuja karne nyingi baadaye. Waskandinavia wana mungu Baldr, na huyu ndiye ninayempenda zaidi kwa ajili ya mafunzo. Mama yake, Frigg, alivilisha kiapo vitu vyote ulimwenguni visimdhuru: moto, maji, chuma, mawe, magonjwa, nyoka. Akakiacha kimea kimoja kidogo kinachoota juu ya miti mingine, kwa kukiona bado kichanga mno. Loki, mungu mwenye hila, akajigeuza mwanamke, akaja kuzungumza naye kirafiki, akamtoa siri hiyo katika maongezi ya kawaida. Kimea hicho kikatengenezwa mshale, nao ukamuua Baldr.

Wazee wengi huku huhitimisha Luanda Magere kwa kusema usimwambie mwanamke siri. Kwa maoni yangu hilo ni hitimisho la uvivu. Liyongo aliuawa na mwanawe wa kiume, na Baldr hakumwambia mtu chochote. Tazama kilicho sawa katika hadithi zote: nguvu yote imekaa mahali pamoja, na mahali hapo hapana mlinzi wala pa akiba. Tena jeshi lote la Kano lilikuwa limeegemea mwili wa mtu mmoja. Hakuna anayesimulia kwamba walijifunza kupigana bila yeye. Siku alipoanguka, walianguka pia.

Wewe unachukua mzigo kwa tajiri mmoja. Akiugua, akikasirika, akimpata mnunuzi anayelipa taslimu, wewe huna gorogoro hata moja ya kuuza Jumatatu. Hicho ndicho kivuli chako. Usimwache; mtafute wa pili, hata kama mwanzoni utachukua kwake kidogo tu na kwa pesa mkononi. Miaka ile ya ofisini pia kivuli kilikuwa kimoja, sivyo? Mshahara mmoja, mlango mmoja. Mtu akishaijua hadithi hii vizuri, kila anapoingia kwenye kazi mpya anajiuliza mapema nguvu yake imekaa wapi na nani anapajua.

Unaweza kuuliza: kama Nyamgondho na Luanda Magere wananitosha, visasili vya dunia ni vya nini? Nikupe mfano mmoja. Kwa Wabukusu kuna hadithi ya mtu aliyekuwa akila nyumbani kwake, kinyonga akaja kumwomba chakula. Akamfukuza. Kinyonga akamlaani kwamba yeye na kizazi chake watakufa, akaenda kwa nyoka, nyoka akamgawia chakula, na ndiyo maana nyoka anavua gamba akaendelea kuishi. Katika kisa cha Gilgamesh, mfalme wa Uruk katika nchi ambayo leo ni Iraki, shujaa anaupata mmea wa kurudisha ujana chini kabisa ya maji. Njiani anasimama kuoga kwenye kisima cha maji baridi, nyoka anaunusa, anaula, na anavua gamba akienda zake. Nyoka ni yule yule, gamba ni lile lile, na binadamu kapoteza uzima ule ule. Lakini wa Bukusu aliupoteza kwa uchoyo, wa Uruk kwa kulegea dakika moja baada ya safari ndefu. Ukiijua hadithi moja tu, utadhani mali hupotea kwa njia moja tu. Ukizijua zote mbili, siku biashara ikikwama una maswali mawili ya kujiuliza, na majibu yake yanakupeleka kwenye matengenezo tofauti kabisa.

Hii kozi ya 4,500, sasa. Kwa maelezo yako naitambua asili yake. Mwaka 1949 Mmarekani Joseph Campbell alichapisha kitabu kilichodai kwamba hadithi za mashujaa duniani zina mkondo mmoja: shujaa anaitwa, anaondoka kwao, anapita majaribu, anarudi na kitu cha kuwafaa watu wake. Wataalamu wa fasihi simulizi wamemkosoa sana, na mimi ni mmoja wao. Alichagua vipande vinavyokubaliana na mkondo wake akaviacha visivyokubaliana, na mashujaa wake karibu wote ni wanaume wanaoondoka, ilhali wanawake wanabaki wakiwangoja. Hata hivyo, yeye angalau alimalizia kwa kurudi. Wauzaji wa kozi wamekata hapo. Wanakuambia ondoka, pambana, shinda. Nani atakula ulichorudi nacho, hawasemi. Hadithi isiyo na kurudi inauzika kirahisi kwa mtu aliye na hasira na nyumbani.

Kuna kisa kimoja cha kweli, cha huku kwetu, ambacho hukikumbuka nikiona matangazo hayo. Mwishoni mwa 1925, Carl Jung, daktari wa akili kutoka Uswisi, alipitia Kakamega akapanda hadi miteremko ya Mlima Elgon akakaa na wenyeji. Alitaka kujua ndoto zao. Kwa maelezo yake mwenyewe, mganga mmoja mzee alimjibu machozi yakimlengalenga kwamba zamani waganga waliota, wakajua kama kuna vita au ugonjwa, kama mvua itakuja, na mifugo ipelekwe wapi. Lakini tangu Wazungu waje hakuna anayeota tena. Haina haja, kwa kuwa Waingereza wanajua kila kitu. Huenda pia mzee alikuwa anamfungia mgeni mlango kwa adabu, maana wazee wetu ni mabingwa wa hilo. Lakini tuchukue neno lake lilivyo. Kuna namna ya kumkabidhi mtu mwingine kazi ya kukuotea ndoto. Mtu asiyejua Kibuye inafunguliwa saa ngapi anakwambia maana ya hadithi, anakwambia wewe ni nani ndani yake, na unamlipa kwa hilo. Huko ni kutegemea kulikojificha ndani ya somo la kujitegemea. Pesa hizo zinunulie omena.

Wala hao mashujaa wenyewe hawakuwa peke yao. Heracles wa Wagiriki alipopigana na nyoka wa vichwa tisa, kila kichwa kilichokatwa kiliota viwili, mpaka mpwa wake Iolaus alipoanza kuchoma shingo kwa moto kabla hazijachipuka. Mfalme Eurystheus, aliyempa kazi hizo, akakataa kuihesabu ile kazi kwa sababu alisaidiwa. Katika hadithi nzima, anayeamini kwamba kazi iliyosaidiwa haihesabiki ni huyo Eurystheus, mtu ambaye mnyama akiletwa anajificha ndani ya mtungi.

Lakini kama ungenipa hadithi moja tu ya kukukabidhi, nisingechukua ya Heracles. Ningechukua ya Inanna, mungu wa kike wa Wasumeri, iliyoandikwa kwenye vibao vya udongo zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Inanna anaamua kushuka kuzimu kwa dada yake Ereshkigal. Milango ni saba, na kwenye kila mlango anavuliwa kitu: taji, shanga, vazi, mpaka anafika ndani hana kitu. Anageuzwa maiti na kutundikwa ndoanani. Ungedhani hapo ndipo hadithi inaisha. Ila kabla ya kushuka, Inanna alikuwa amekaa na mtumishi wake Ninshubur akamwachia maagizo: nisiporudi, nililie, kisha nenda kwa mungu Enlil, akikataa, nenda kwa Nanna, akikataa, nenda kwa Enki. Zikapita siku tatu mchana na usiku. Ninshubur akaanza kugonga milango. Enlil alikataa. Nanna, ambaye ni baba yake Inanna, naye akakataa. Enki ndiye aliyehuzunika, akatoa uchafu kwenye kucha zake akaumba viumbe wawili wa kumfuata kuzimuni.

Soma hapo taratibu. Aliyeshuka alikuwa jasiri, hakuna anayembishia. Lakini kilichomrudisha ni mpango alioupanga akiwa bado na taji kichwani, orodha ya milango mitatu ikiwamo miwili iliyokuja kufungwa, na mtu mmoja mwaminifu aliyejua aanze lini. Hiyo ndiyo sura ya kujitegemea ninayoiamini: kujua unamtegemea nani, kwa jambo gani, na kumwambia mapema. Sasa jiulize mwenyewe. Usipoonekana Kibuye siku tatu, nani ataanza kugonga milango? Amejua agonge ipi? Na wewe ni Ninshubur wa nani? Wanachama wa chama cha akina mama sokoni wanaweza kuwa jibu, au mama wa meza ya jirani. Kama huna jina la kuandika, basi kazi yako ya mwezi huu ni kulipata, kabla hata ya kumtafuta tajiri wa pili.

Mama yako. Usimdharau kwa hili, na usimfiche. Mwambie kwamba kusoma hadithi ya Zeus, mungu mkuu wa Wagiriki, si kumwabudu Zeus, kama vile nusu ya Kisumu inavyoshangilia timu iliyopewa mwaka 1968 jina la mganga wa Kanyamwa, Gor Mahia, ambaye anasimuliwa kuwa na miujiza yake, na Jumapili watu hao hao wamejaa makanisani. Kisha mfungulie Matendo ya Mitume sura ya 17, pale Paulo anapohubiri Athens na kuwanukulia Wagiriki mashairi yao wenyewe. Paulo alikuwa ameyasoma.

Tena kuna sehemu itakayomgusa zaidi, kwa sababu inapita kwenu kabisa. Ninyi wa Kendu Bay mna ziwa la Simbi. Kijiji kilikuwa kwenye karamu, kikongwe akaja usiku kuomba hifadhi, wakamfukuza. Mama mmoja tu akamkaribisha, na kikongwe akamwambia aondoke na watu wake. Mvua ikaja, kijiji kikazama, yakabaki maji yale ya kijani yenye magadi ambayo heroe huja kutafuta chakula. Wataalamu wa miamba watakwambia ni ziwa la kreta, na wako sahihi. Maelezo hayo mawili hayagombani, kila moja linajibu swali lake. Huko Frigia, katika Uturuki ya leo, ilisimuliwa kwamba Zeus na Hermes walikuja wakiwa wamejigeuza wasafiri maskini. Nyumba elfu zikawafungia milango. Wazee wawili fukara, Baucis na mumewe Philemon, wakawapa walichokuwa nacho. Nchi yote ikazama, kibanda chao kikabaki. Sasa fungua Matendo sura ya 14. Paulo na Barnaba wanafika Listra, si mbali na Frigia, wanamponya kiwete, na watu wanapiga kelele kwamba miungu imeshuka kwa mfano wa binadamu. Wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na wanaleta ng'ombe wa kuwatolea dhabihu. Kwa nini waliharakisha hivyo? Wasomi wengi wanaona jibu kwenye hadithi ile ya Baucis: watu wa upande huo walikuwa wamekua wakisikia nini kiliwapata waliowafungia miungu mlango. Bila kisasili, sura hiyo ya Biblia inasomeka kama kichekesho. Ukiwa nacho, unawaona watu wenye hofu ya kurudia kosa la mababu. Mama yako akisikia hivyo, nadhani mtaongea vizuri.

Na hapo hapo kuna zoezi la kukua ambalo kozi ya shujaa haitakupa kamwe. Ukisoma Simbi, usikimbilie kuwa yule mama mkarimu. Sote tunapenda kuwa yeye. Kaa kwanza kwenye karamu. Ni nani aliyekuja kwako mwaka huu akiwa amechakaa, ukamwona ni usumbufu? Ukimaliza, ndipo usogee kwa mkarimu, na baadaye kwa kikongwe mwenyewe, maana siku ofisi ilipofungwa wewe ndiye uliyebisha, na kaka yako akafungua.

Ukitaka kuanza, chukua hadithi moja tu kwa mwezi. Anza na ya kwenu, itafutie nduguye wa mbali, na zote mbili uziandike kwa mkono kwa maneno yako. Maktaba ya umma ya Kisumu itakupa nafasi ya kukaa na kusoma, na Makumbusho ya Kisumu yana boma zima la Kijaluo la kutembelea, ukaone lango alilosimama Nyamgondho lilikaaje. Usiridhike na simulizi moja ya kisa chochote. Tafuta ya pili, na pale zinapopishana, kaa hapo muda mrefu. Nayo maana ya hadithi usiiulize mtandaoni kabla hujaiandika yako, hata kama yako itakuja kuonekana changa.

Kazi ya mwezi wa kwanza naikupa mimi. Ukienda nyumbani, mkalishe bibi, au mzee yeyote wa karibu na Simbi, uwashe simu umrekodi kwa ruhusa yake. Kisa cha kijiji kuzama umekwisha kukisikia, usimchoshe nacho. Muulize kuhusu yule mama aliyeondoka usiku ule na watu wake: alihamia wapi, nani alimpokea, na huko alianza upya na nini mkononi. Kisha niandikie alichokwambia.